Damu yako inasomwa na nani? Programu za maabara, mwanapatholojia na herufi H na L

Mwaka jana shangazi yangu alikwenda kupimwa damu kwa sababu ya maumivu ya magoti. Alirudi na karatasi iliyojaa nambari, na kando ya nambari moja palikuwa na herufi L. Chembe nyeupe za damu: 3.4. Mipaka ya kawaida iliyochapishwa pembeni: 4.0 hadi 11.0. Aliyemkabidhi karatasi alimwambia neno moja tu, kwamba damu yake iko chini na atafute daktari mkubwa. Usiku ule hakulala. Kwa siku kumi alizunguka vituo viwili vingine, akalipia kipimo kilekile mara mbili zaidi, na kila mahali mashine ikatoa L ileile.

Mwisho alionana na daktari mmoja mtu mzima aliyemuuliza jambo ambalo hakuna aliyekuwa amemuuliza: "Bi mkubwa, unazo karatasi zako za zamani?" Alikuwa nazo, ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na kadi zake za kliniki. Miaka mitatu nyuma: 3.3. Miaka sita nyuma: 3.5. Daktari akamwambia, "Haya si maradhi, mama. Hii ndiyo damu yako."

Shangazi alinijia baadaye na swali lililonifanya niandike makala haya. "Mwanangu, ile L aliiandika nani?"

Jibu ni kwamba hakuiandika mtu. Iliandikwa na programu ya kompyuta. Na kwa kuwa programu za aina hii zinazidi kuingia katika maabara zetu, na nyingine zina uwezo mkubwa kuliko kuandika herufi moja, ni vyema tuzijue: ni za aina gani, zilianzaje, zinafanya nini vizuri, na zinakosea wapi.

Mwanapatholojia si wa mochari peke yake

Tuanze na mwenye kazi. Hapa Kenya neno mwanapatholojia tunalisikia kwenye taarifa ya habari pale maiti inapofanyiwa uchunguzi. Ndiyo maana wengi hudhani kazi yake ni kupasua wafu. Kumbe wengi wa "wagonjwa" wake ni watu walio hai ambao hatawaona kwa macho. Yeye ni daktari aliyesomea zaidi namna maradhi yanavyobadilisha mwili, na sehemu kubwa ya kazi yake ni kutafsiri sampuli: kipande cha nyama kilichotolewa kwenye uvimbe, mkojo, uboho wa mfupa, na zaidi ya yote, damu.

Kuna tofauti kati ya kupima na kutafsiri. Mtaalamu wa maabara huendesha mashine na kuhakikisha nambari iliyotoka ni sahihi. Mwanapatholojia huulizwa nambari hiyo ina maana gani kwa mtu huyu, mwenye umri huu, anayetumia dawa hizi. Nambari 3.4 ni kipimo. "Hii ndiyo damu yako" ni tafsiri.

Tatizo ni kwamba vipimo ni vingi na wanapatholojia ni wachache. Mashine moja hutoa majibu ya mamia ya watu kwa siku. Hakuna daktari anayeweza kuzitazama karatasi zote hizo moja moja kwa makini. Ndipo programu zilipoingia.

Programu ya kwanza: H na L

Hadi katikati ya karne ya 20 chembe za damu zilihesabiwa kwa jicho, mtu akiinama juu ya hadubini na kibonyezo cha kuhesabia mkononi. Mwaka 1953 Mmarekani Wallace Coulter alipata hataza ya njia nyingine. Damu huchanganywa na maji yenye chumvi, kisha hupitishwa kwenye kitundu chembamba sana ambamo umeme unapita. Kila chembe inapopita huuziba umeme kidogo, na mashine huhesabu mshtuko huo. Chembe kubwa hutoa mshtuko mkubwa, ndogo hutoa mdogo. Kipimo tunachokiita hemogramu kamili, kile cha chupa yenye kifuniko cha zambarau, mpaka leo kimesimama juu ya wazo hilo, ingawa mashine mpya zimeongeza mbinu nyingine kama mwanga wa leza.

Baada ya kuhesabu, programu hulinganisha nambari na mipaka iliyowekewa. Ikizidi, inaandika H. Ikipungua, inaandika L. Ni hivyo tu, haifikiri kitu kingine.

Lakini mipaka yenyewe inatoka wapi? Kwa desturi ya maabara, huchukuliwa watu wenye afya, wakapimwa, kisha ikachukuliwa asilimia 95 ya katikati kuwa "kawaida". Maana yake ni kwamba mtu mmoja kati ya ishirini wenye afya kamili atakuwa nje ya mipaka, kwa hesabu tu. Mtu mzima asiye na ugonjwa wowote akipimwa vitu ishirini visivyohusiana, uwezekano wa kupata angalau herufi moja ya H au L ni zaidi ya asilimia 60. Herufi ile ni kengele ya kuita jicho, haijawa hukumu.

La pili ni kubwa zaidi: watu gani wenye afya walipimwa? Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti wa watu wazima wenye afya katika vituo vya Kenya, Uganda, Rwanda na Zambia, na Kilifi yetu ilikuwa miongoni mwa vituo hivyo. Walihusika watu 2,105. Ilionekana kwamba viwango vyao vya hemoglobini, chembe za kugandisha damu na chembe nyeupe aina ya nyutrofili viko chini kuliko vile vya nchi zilizoendelea kiviwanda, na chembe aina ya eosinofili ziko juu. Wengi wao, wakipimwa kwa jedwali la Marekani, wangeandikiwa kasoro wasiyokuwa nayo.

Kuhusu nyutrofili sababu inajulikana. Waafrika wengi wa kusini mwa Sahara hawana alama iitwayo Duffy juu ya chembe zao nyekundu. Ukosefu huo huwakinga kwa kiasi kikubwa na malaria ya aina ya vivax, na watu hao huwa na nyutrofili chache ndani ya damu inayozunguka bila kudhurika. Hali ya kuwa na nyutrofili chache imeonekana pia kwa baadhi ya watu wa Uarabuni. Sisi wa Pwani, ambao babu zetu walitoka pande zote mbili za bahari, tuna kila sababu ya kuliuliza swali hili: jedwali lililomo ndani ya mashine hii lilipimwa kwa damu ya nani?

Programu zinazoandika maoni

Hatua iliyofuata ilikuwa kuifundisha kompyuta iandike sentensi badala ya herufi.

Katika miaka ya 1970, katika Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, Edward Shortliffe na wenzake walitengeneza programu iliyoitwa MYCIN. Ilihusu bakteria wanaoingia katika damu. Daktari alijibu maswali ya kompyuta kuhusu mgonjwa na majibu ya maabara, nayo ikakisia ni bakteria gani na kupendekeza dawa na kipimo chake. Ilikuwa na mamia ya kanuni za namna ya "ikiwa hivi na hivi, basi pengine vile". Jambo zuri ni kwamba daktari angeweza kuiuliza "kwa nini?" nayo ikamwonyesha kanuni iliyotumia. Ilipojaribiwa ilifanya vizuri, lakini haikuwahi kutumika wodini kwa kazi ya kila siku.

Iliyotumika kweli ilitoka Australia. Katika miaka ya 1980, katika Taasisi ya Garvan mjini Sydney, ilianza kutumika programu ya kutafsiri vipimo vya homoni za tezi ya shingo, ile ambayo ikivimba tunaita goita. Iliitwa GARVAN-ES1. Ilisoma viwango vya homoni na kuandika maoni mafupi kwenye karatasi ya majibu, kwa mfano kwamba tezi inafanya kazi kupita kiasi, au kwamba matokeo yanalingana na mtu anayetumia dawa ya tezi.

Ilipoanza kazi ilikuwa sahihi kwa takriban asilimia 96. Wengi wetu tungesema imetosha. Lakini asilimia 4 iliyobaki ni watu. Miaka kadhaa ya marekebisho iliifikisha asilimia 99.7, na kufikia hapo kanuni zake zilikuwa zimeongezeka maradufu. Ugumu haukuwa kufundisha yale ya kawaida, ulikuwa katika vighairi. Kila kanuni iliyorekebishwa ili imtoshe mgonjwa mmoja ilihatarisha kumharibia mwingine aliyekuwa akipata jibu sahihi jana.

Paul Compton na wenzake waliokuwa wakiitunza programu hiyo wakagundua jambo ambalo kila fundi mzee analijua. Ukimwambia mtaalamu akueleze kila anachokijua, hawezi. Mkalishe chini uandike kanuni zote za kazi yake, atakupa nusu, na nusu yenyewe ina mapengo. Lakini ukimwonyesha kazi mbili, moja nzuri na moja mbovu, ukamuuliza tofauti iko wapi, atakujibu papo hapo. Muulize seremala wa majahazi kwa nini ubao huu haufai, atakuonyesha kidole mahali penyewe.

Kwa hiyo wakabuni njia mpya. Programu inatafsiri, mwanapatholojia anasoma maoni yake kabla ya karatasi kutoka. Akikubali, yanapita. Akikataa, haendi kuivunja kanuni ya zamani. Programu humletea mgonjwa wa leo na mgonjwa wa zamani ambaye kanuni ile ilitungwa kwa ajili yake, ikamuuliza: hawa wawili wanatofautiana kwa nini? Yeye huchagua tofauti yenye maana, na kighairi kipya huning'inizwa chini ya kanuni ya zamani. Wa zamani anabaki na jibu lake, wa leo anapata lake. Kazi hiyo huchukua dakika chache tu na haihitaji mhandisi wa kompyuta.

Kwa njia hiyo ilizaliwa programu ya PEIRS katika Hospitali ya St Vincent's, Sydney, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ilifikisha zaidi ya kanuni 2,000, nyingi zikiongezwa na mwanapatholojia mwenyewe huku akiendelea na kazi yake ya kila siku. Hadi leo ziko maabara kubwa duniani zinazotumia programu za ukoo huo.

Mfano wa kwetu: sukari na selimundu

Nieleze kwa mfano unaotugusa. Nimeutunga ili kufafanua, lakini sayansi yake ni ya kweli.

Kisukari kimeenea Pwani na karibu kila nyumba ina mtu anayekijua kipimo cha HbA1c, ambacho watu hukiita sukari ya miezi mitatu. Sukari hung'ang'ania hemoglobini iliyo ndani ya chembe nyekundu. Chembe hiyo huishi kama siku 120, kwa hiyo ukipima kiasi cha sukari iliyoganda pale unajua hali ya miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Ikifika asilimia 6.5 au zaidi, ni dalili ya kisukari.

Sasa tuseme programu ina kanuni: ikiwa HbA1c iko chini ya 5.7, andika "Hakuna dalili ya kisukari." Inafanya kazi vizuri kwa wiki nyingi. Siku moja inakuja sampuli ya mtu ambaye HbA1c yake ni 5.4, lakini sukari yake ya asubuhi kabla ya kula ni 9.0. Programu inaandika vilevile: hakuna dalili ya kisukari.

Mwanapatholojia anasita. Sukari ya 9.0 kabla ya kula haipatani na 5.4. Anatazama hemogramu na kuona upungufu wa damu wa aina fulani. Anashuku selimundu. Chembe za mwenye ugonjwa wa selimundu huishi siku chache tu, kama 10 hadi 20, hivyo hazipati muda wa kukusanya sukari, na HbA1c hudanganya kwa kushuka. Anaongeza kighairi: ikiwa HbA1c iko chini lakini sukari ya kabla ya kula iko juu, andika "Vipimo hivi viwili havipatani. Chunguza aina ya hemoglobini. Usitegemee HbA1c kwa mgonjwa huyu."

Tangu siku hiyo kila mtu wa namna ile atakayepita katika maabara atapata onyo hilo, hata kama mwanapatholojia amelala au yuko safarini. Jicho la mtu mmoja limekuwa jicho la maabara nzima.

Na jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1949 kijana Anthony Allison, aliyelelewa Kenya na kusomea udaktari Oxford, alizunguka nchini akichukua sampuli za damu. Aliona kwamba alama ya selimundu imeenea kwa watu wa Pwani na wa kandokando ya Ziwa Viktoria, na ni adimu katika nyanda za juu. Akaunganisha na malaria, na mwaka 1954 akachapisha ushahidi kwamba mwenye kurithi alama hiyo kutoka kwa mzazi mmoja hupata kinga dhidi ya malaria. Damu zetu ndizo zilizotoa somo hilo kwa dunia.

Hata mwenye kurithi kwa mzazi mmoja tu, ambaye haumwi chochote, kipimo hiki kinaweza kumpunja. Utafiti wa Wamarekani weusi uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa kwa kiwango kilekile cha sukari, wenye alama ya selimundu husomeka chini kwa takriban 0.3 kwenye HbA1c. Inaonekana ndogo, lakini inatosha kumwacha mtu upande wa "huna kisukari" akaendelea na halua yake hadi macho au figo zianze kulalamika. Programu iliyofundishwa mahali ambapo selimundu ni nadra haitakuwa na kighairi hicho, kwa sababu mgonjwa wa kuizalisha kanuni hiyo hakuwahi kupita mbele yake.

Programu zinazokamata kosa la chupa

Kazi nyingine ya programu hizi haihusu ugonjwa kabisa. Inahusu makosa yanayotokea kabla damu haijafika kwenye mashine.

Chupa ya zambarau ina dawa ya kuzuia damu isigande, na mara nyingi dawa hiyo ina potasiamu na hunasa kalsiamu. Mtoaji damu akiona chupa nyingine haikujaa, akamimina kidogo kutoka kwenye ya zambarau, matokeo huwa ya kutisha: potasiamu juu kiasi cha kusimamisha moyo, kalsiamu chini kiasi cha kuleta kifafa, na mgonjwa mwenyewe amekaa kwenye benchi akisoma simu. Programu iliyofundishwa huona mambo hayo mawili kwa pamoja na kuandika: "Inashukiwa chupa zimechanganywa. Chukua sampuli mpya."

Pia hulinganisha jibu la leo na la awali la mtu yuleyule. Ikiwa jana hemoglobini ilikuwa 13 na leo ni 7 bila ya kutokwa damu, huenda jina limebandikwa kwenye chupa ya mtu mwingine. Ulinganisho huu ndio uliomwokoa shangazi yangu, ila yeye alifanyiwa na daktari na mfuko wa plastiki. Vituo vitatu alivyopita, kila kimoja kilimwona kama mtu aliyezaliwa siku ile.

Liko na suala la muda. Damu iliyotolewa bado ina uhai, na chembe zake huendelea kula sukari iliyomo, kiasi cha asilimia 5 hadi 7 kila saa ikiwa haikuwekwa kwenye chupa yenye dawa ya kuzuia. Sampuli iliyotolewa kisiwani asubuhi, ikangoja boti, ikangoja gari, ikafika maabara baada ya saa nne, iliyokuwa na sukari ya 7.5 inaweza kusomeka karibu 6. Programu inaweza kulikamata hilo, kwa sharti moja: saa ya kutoa damu na saa ya kuipokea ziwe zimeandikwa. Pasipoandikwa saa, hakuna programu itakayosaidia.

Programu zinazotazama picha

Aina ya mwisho ndiyo inayozungumzwa zaidi siku hizi chini ya jina la akili mnemba. Hizi hazisomi nambari, zinasoma picha.

Tone la damu hupakwa kwenye kioo, likatiwa rangi, kisha likatazamwa kwa hadubini. Rangi maarufu ni ya Giemsa, iliyopewa jina la Gustav Giemsa wa Hamburg, mwanzoni mwa karne ya 20. Kampuni ya CellaVision, iliyoanzishwa mwaka 1994 mjini Lund nchini Uswidi, ilitengeneza mashine inayopiga picha kila chembe nyeupe kwenye kioo na kuzipanga kwa makundi kwenye skrini. Haitoi hukumu ya mwisho. Mtaalamu hupitia picha, akahamisha zilizowekwa kundi lisilo lake, kisha akatia sahihi. Faida kubwa ni kwamba daktari aliye mji mwingine anaweza kuzitazama picha zilezile. Chembe inayoshukiwa kuwa ya saratani ya damu haina haja ya kusafirishwa kwa basi ili ionwe na bingwa.

Kwa malaria, watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere nchini Uganda, akiwemo Rose Nakasi, wamefanya kazi ya kuunganisha simu ya kawaida na hadubini, simu ikapiga picha na programu ikatafuta vijidudu. Hili ni la maana kwetu, kwa sababu kusoma kioo cha malaria ni kazi inayochosha. Kabla ya kusema "hakuna malaria" mtaalamu anatakiwa atazame maeneo 100 ya kioo kimoja. Kwenye foleni ya wagonjwa sitini, jicho huchoka. Programu haichoki.

Lakini tazama namna dhana ndogo inavyoweza kujificha. Ili kukadiria wingi wa vijidudu, desturi ni kuvihesabu mpaka zifike chembe nyeupe 200, kisha kuzidisha kwa kuchukulia kwamba kila mtu ana chembe nyeupe 8,000 kwa kila maikrolita ya damu. Shangazi yangu ana 3,400. Kwake yeye hesabu hiyo ingetoa vijidudu zaidi ya mara mbili ya vilivyomo. Kompyuta ikipewa dhana hiyo itaifanyia hesabu kwa kasi na kwa usafi, na bado itakosea.

Nani anatia sahihi?

Nimewasikia watu wa makundi mawili. Wa kwanza wanasema mashine haikosei. Wa pili wanasema mashine haina utu na isiguse afya ya Muislamu. Historia ya Sydney inawajibu wote wawili. Programu ile ilikosea, na ilirekebishwa kila ilipokosea kwa sababu palikuwa na daktari aliyesoma maoni yake, aliyekuwa na mamlaka ya kuyakataa, na aliyepewa njia rahisi ya kuifundisha. Ukiondoa mtu huyo, unabaki na mashine inayorudia kosa lilelile kila siku kwa kujiamini.

Hofu yangu kwa Pwani ni hii. Kituo kinaweza kununua mashine na programu yake, kikaweka jedwali lililokuja nayo, na kisiwe na mwanapatholojia hata mmoja wa kuitazama, wala mlango wa kurekebisha kanuni kwa mujibu wa damu zetu. Karatasi itatoka nzuri, yenye nembo na maoni yaliyochapishwa, na mgonjwa ataamini kwamba yameandikwa na daktari. Afya ya mtu ni amana, na amana lazima iwe na mwenye kuulizwa.

Sheria ya Kenya haijanyamaza hapa. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutofanyiwa uamuzi unaomuathiri kwa kiasi kikubwa kwa kutegemea uchakataji wa mashine pekee, ingawa ina vighairi vyake. Sheria hiyohiyo inazihesabu habari za afya kuwa data nyeti. Kwa hiyo kuuliza si ukaidi.

Ukipewa karatasi yenye H au L

Nawaachia haya, yakatwe na yabandikwe karibu na kadi za kliniki.

Kwanza, tunza karatasi zako za zamani zote. Jibu la mwaka juzi mara nyingi lina thamani kuliko mipaka iliyochapishwa.

Pili, uliza mipaka ya kawaida ya maabara hiyo imetoka wapi, na kama inafaa kwa watu wa hapa.

Tatu, kama karatasi ina maoni, uliza yameandikwa na nani na ni mtaalamu gani aliyeyapitisha. Jina na sahihi ni haki yako.

Nne, kama wewe au jamaa yako ana selimundu au amerithi alama yake, mwambie daktari kabla ya kupimwa HbA1c, wala usingoje kuulizwa.

Tano, jibu la kutisha lisilopatana na hali yako, omba sampuli mpya kabla ya kuanza dawa au kusambaza habari kwenye familia.

Sita, hakikisha saa uliyotolewa damu imeandikwa.

Na kwa viongozi wetu wa kaunti, mnaponunua mashine, nunueni na muda wa mtu wa kuifundisha. Kilifi imeshiriki katika utafiti wa kupima damu za watu wenye afya tangu zaidi ya miaka 15 iliyopita, kwa hiyo hatuanzi kutoka sifuri. Kinachotakiwa ni elimu ile iingizwe ndani ya mashine zilizopo zahanati na hospitali, na mwanapatholojia mmoja apewe kazi ya kuyasoma maoni yake na kuyarekebisha, hata kama anayasoma kutoka Mombasa na sampuli iko Lamu.

Shangazi yangu sasa anatembea na kijikaratasi ndani ya mkoba. Daktari yule alimwandikia mstari mmoja na kutia sahihi: chembe nyeupe za mama huyu huwa 3.3 hadi 3.5, ni kawaida yake. Kanuni moja, ya mtu mmoja, imeandikwa kwa kalamu. Siku mashine zetu zitakapojua kuuandika mstari kama ule, kutakuwa na wazee wengi watakaolala usingizi wao. Wallahu a'lam.